Nimetoka kwenye korosho, nimepata PhD ya katalisisi Ujerumani: niende au nitaumbuka?

"Shikamoo daktari. Mimi ni binti wa miaka 27, nimemaliza masters ya kemia Dar, utafiti wangu ulikuwa kwenye mafuta ya maganda ya korosho. Sasa nimepewa nafasi ya PhD Ujerumani kwenye kundi la katalisisi, mada ni kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa methanoli kwa vichocheo vya shaba. Nimefurahi ila usingizi sipati. Kwanza kila mtu ananiambia katalisisi ni kazi ya mainjinia, mimi ni mtu wa mafuta na viyeyushi, riakta ya gesi sijawahi hata kuigusa. Pili naogopa miaka mitatu ikiisha sijapata kichocheo bora kuliko vilivyopo ndio nimefeli hivyo. Tatu mama anasema kemikali zitaniharibu kizazi, na mimi sijazaa bado. Na hata nikimaliza, nikirudi nyumbani nitafanya nini na methanoli? Naomba ukweli, usinipe moyo tu."

Marahaba mdogo wangu, na hongera, nafasi kama hiyo wengi wanaiomba miaka na hawaipati. Umetaka ukweli kwa hiyo nitakupa na ule usiopendeza. Nilivyokusoma ni hivi: unaona wamekosea kukuchagua, unaona PhD ni mashindano ya kutafuta kichocheo cha ajabu, mama anaogopea kizazi, na huko mbele nyumbani huoni kitu. Mambo mawili ya kwanza umeyaelewa vibaya, la mama lina ukweli ndani yake kuliko unavyodhani, na hilo la mwisho ndilo gumu.

Tuanze na hao mainjinia. Katalisisi, yaani kazi ya vichocheo vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali, haina kabila moja. Kwenye kundi la kawaida utamkuta mkemia anayetengeneza vichocheo, injinia anayejenga riakta na kupiga hesabu za mtiririko wa gesi, mfizikia anayeshinda na mashine za eksirei, na siku hizi kuna mtu wa kompyuta ambaye hashiki kitu zaidi ya kibodi. Profesa aliyekuchagua alisoma CV yako, anajua riakta huijui, angetaka injinia angemchukua injinia. Na hiyo riakta inayokutisha ukiiona utacheka, mara nyingi ni bomba la chuma lenye unene kama wa kidole, limezungushiwa tanuri dogo la umeme, gesi zinaingia juu zinatoka chini, pembeni kuna vidhibiti vya mtiririko na kipimo cha joto. Atakufundisha mwanafunzi aliyekutangulia na baada ya wiki kadhaa utaiendesha mwenyewe. Kisichofundishika haraka ni kile ambacho tayari unacho: kutenganisha mchanganyiko mchafu, kuangalia kromatografia, ule mchoro unaoonyesha vitu vilivyomo kwenye mchanganyiko, na kujua kilele kipi ni bidhaa na kipi ni takataka, na moyo wa kurudia jaribio lile lile bila kununa.

Halafu wewe katalisisi umeshaigusa, hukuiita tu hivyo. Mafuta ya maganda yakiwa mabichi sehemu kubwa ni asidi ya anakadi, ukiyapasha moto yanaachia kaboni dayoksaidi unabaki na kadanoli, yaani fenoli yenye mkia wa kaboni 15. Ukitaka kuujaza ule mkia haidrojeni unatafuta metali kama paladiamu au nikeli, ukitaka kuukata unahitaji vichocheo vya metathesisi, yaani kemia ya molekuli kubadilishana vipande, ile iliyowapa Chauvin, Grubbs na Schrock Nobel ya 2005. Mwaka 2014 watafiti wa Kaiserslautern na St Andrews walitoa kazi moja tamu sana, walichukua kadanoli ya korosho wakahamisha vifungo vya ndani ya huo mkia na kuukata kwa vichocheo mpaka wakapata fenoli ndogo zinazovuta mbung'o, zile zinazotumika kwenye mitego. Korosho na mbung'o kwenye makala moja, na katikati yake ni katalisisi tupu.

Na ukitaka mfano wa mtu, mwangalie Profesa Egid Mubofu, mkemia wa hapo hapo Dar, naye kwa vile ulikuwa kwenye korosho sina haja ya kukutambulisha. Mwaka 2001 jina lake ndilo la kwanza kwenye makala ya jarida la Green Chemistry aliyoandika na James Clark na Duncan Macquarrie wa York, Uingereza, kuhusu paladiamu iliyofungwa juu ya silika kwa ajili ya mmenyuko wa Suzuki, ule unaounganisha vipande viwili vya molekuli kaboni kwa kaboni. Baadaye ndio zikaja hizo kazi za maganda ya korosho pale Dar. Yeye alitoka kwenye paladiamu akafika kwenye korosho, wewe unaenda kinyumenyume, sioni tatizo.

Sasa twende kwenye kichocheo chenyewe maana hofu yako ya pili inatokana na namna tulivyofundishwa sekondari, kwamba kichocheo "huharakisha mmenyuko bila kushiriki". Hapo kwenye kutoshiriki si kweli. Kichocheo kinashiriki sana, kama mshenga, anaingia nyumba zote mbili, anabeba maneno, anakaa kikao, ila siku ya ndoa habaki na mtu, anaenda kushughulikia posa nyingine. Na mshenga hata awe hodari vipi, familia zikiwa haziendani hawezi kulazimisha ndoa, atakachofanya ni kuharakisha jibu. Katalisisi ni hivyo hivyo: kichocheo kinabadilisha kasi, hakibadilishi msawazo wa mmenyuko, yaani pale unapotulia, bidhaa kiasi gani na malighafi kiasi gani. Nakusisitizia hili kwa sababu kwenye mada yako ndilo litakalokutesa. Kugeuza kaboni dayoksaidi na haidrojeni kuwa methanoli na maji ni mmenyuko unaotoa joto, kwa hiyo ukipandisha joto ili uende haraka, msawazo unakugeuka na methanoli inapungua. Ukishusha joto msawazo unakupendelea lakini mmenyuko unalala. Ndio maana wanaongeza mgandamizo, na ndio maana ukikuta mtu anatangaza kwamba amegeuza karibu kaboni dayoksaidi yote kwa mkupuo mmoja kwenye joto kubwa na mgandamizo mdogo, wewe kaa kwanza upige hesabu ya msawazo kabla hujapiga makofi.

Juu ya shaba kinachotokea kwa kifupi ni hiki. Haidrojeni inatua kwenye uso wa chuma, inapasuka kuwa atomi mbili. Kaboni dayoksaidi inatua karibu, inapewa haidrojeni moja moja, inapita hatua kadhaa mpaka inatoka kama methanoli. Uso ukiishika molekuli kwa nguvu sana haiondoki na nafasi inaziba, ukiishika kilegevu inaondoka kabla haijafanyiwa kitu. Hiyo ya kutaka mshiko wa wastani ndiyo kanuni ya Sabatier, Mfaransa aliyepata Nobel mwaka 1912, na bado ndiyo tunayoihangaikia. Viwandani shaba inachanganywa na zinki oksaidi na alumina, kampuni ya ICI ya Uingereza walianza kuitumia kwa methanoli ya mgandamizo mdogo mwaka 1966, yaani ina umri wa kuitwa bibi, na mpaka leo watu wanagombana kwenye mikutano kuhusu zinki inafanya nini hasa pale. Utaenda kuyasikia hayo magomvi na utafurahi.

Utajiuliza sasa, kama kichocheo kipo tangu 1966 mimi naenda kufanya nini. Viwanda vinatumia gesi iliyojaa kaboni monoksaidi pia, nyie mnataka kulisha kaboni dayoksaidi tupu na haidrojeni. Hapo yanazuka mambo mawili. Kwanza kuna mmenyuko mwingine unaoshindana, unakula haidrojeni yako na kukutolea kaboni monoksaidi na maji badala ya methanoli. Pili ni hayo maji, yanatoka mengi kuliko kwenye njia ya kawaida, na maji yakikutana na moto yanazifanya zile chembe ndogo za shaba ziungane ziwe kubwa, uso unapungua, kichocheo kinazeeka. Ukubwa wa chembe kwenye fani hii ni kila kitu. Dhahabu ya Geita ukiishika mkononi haifanyi chochote, ndio maana tunaivaa, lakini Mjapani Masatake Haruta alionyesha miaka ya 1980 kwamba ukiisaga mpaka chembe za nanomita chache na kuzikalisha juu ya oksaidi inayofaa, inaunguza kaboni monoksaidi hata kwenye baridi. Dhahabu ni ile ile, kilichobadilika ni ukubwa na mahali ilipokaa.

Kwa hiyo swali la PhD yako uwezekano mkubwa halitakuwa "nani bora" bali "kwa nini hiki kinakufa na kile hakifi". Kutafuta kwa kubahatisha kulishafanyika zamani na kwa bajeti ambayo wewe hutaiona. Mkemia Alwin Mittasch pale kampuni ya BASF Ujerumani alijaribu maelfu ya sampuli kutafuta kichocheo cha amonia, akakuta chuma kutoka mgodi mmoja wa Uswidi kinafanya kazi vizuri kuliko chuma safi, kumbe siri ilikuwa uchafu uliomo ndani, kiwanda cha Oppau kikaanza 1913. Lakini kujua kwa uhakika nini kinatokea juu ya kile chuma, kwamba hatua ngumu ni kuipasua naitrojeni, kulisubiri kazi za mkemia Gerhard Ertl miongo mingi baadaye, na Nobel yake ni ya 2007. Dunia ilishakula chakula cha mbolea hiyo miaka na miaka bila maelezo kamili. Wewe unaenda upande wa Ertl, kwa kiwango cha mwanafunzi. Ukionyesha kwa ushahidi kwamba kichocheo fulani kinakufa kwa sababu ya maji na si kwa sababu ya joto, hapo una tasnifu hata kama kichocheo chako kiko nyuma ya kile cha dukani.

Kazi yenyewe ya kila siku ikoje? Wiki moja unatengeneza: unapima chumvi za shaba na zinki, unazimimina pamoja na soda ya maabara, yaani sodiamu kaboneti, huku ukiangalia pH isicheze na joto lisicheze, linatoka tope la rangi ya bluu-kijani, unaliosha mpaka uchoke kwa sababu sodiamu ikibaki inaharibu, unalikausha, unalichoma tanurini linakuwa jeusi. Wiki nyingine unapima eneo la uso kwa naitrojeni ya kimiminika, unapiga eksirei, unasubiri zamu yako kwenye darubini ya elektroni ambayo imejaa mpaka mwezi ujao. Halafu riakta. Na riakta asubuhi ya kwanza inaliwa na kutafuta uvujaji, unapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungio na kuangalia povu, kiungio kimoja kinavuja na ni kile kilichojificha nyuma ambapo mkono haufiki. Halafu unaendesha riakta tupu bila kichocheo, jaribio ambalo kila mtu anataka kuliruka. Usiliruke. Na kila siku unapiga hesabu ya kaboni, iliyoingia na iliyotoka, zisipolingana huna matokeo, una tetesi.

Nikupe kisa kimoja ukae nacho kwa sababu kinahusu Suzuki ile ile ya Mubofu. Mwaka 2003 kundi la mkemia Nicholas Leadbeater lilichapisha kwamba mmenyuko wa Suzuki unakwenda bila chuma chochote cha katalisisi, watu wakashangaa kwa sababu kila mmoja alijua unahitaji paladiamu. Wakaendelea kuchimba wenyewe, na mwaka 2005 wakachapisha tena kwamba paladiamu ilikuwepo, imejificha ndani ya sodiamu kaboneti waliyonunua, kiasi cha sehemu kama 50 kwa bilioni. Yaani soda ya dukani ndiyo ilikuwa kichocheo! Mimi nawaheshimu sana kwa lile la pili, na mwanafunzi yeyote anayekuja kwangu na matokeo mazuri kupita kiasi namuuliza kwanza ameosha chombo kwa kitu gani na nani alikitumia kabla yake.

Sasa mama. Usimjibu kwamba ni imani za kizamani. Kuna kemikali kwenye fani hii ambazo sheria za Ulaya zenyewe zinazitambua kuwa hatari kwa uzazi: kaboni monoksaidi, chumvi kadhaa za nikeli, kiyeyushi kama dimethaili fomamaidi. Kwenye mada yako shaba na zinki si tatizo kubwa, la kuogopa ni kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inashika damu isibebe oksijeni, na methanoli yenyewe ambayo ni sumu ukiinywa au ikikaa sana kwenye ngozi. Haidrojeni haina sumu ila inalipuka ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kuanzia asilimia 4 mpaka 75, eneo pana mno. Lakini kemikali kuwa hatari ni jambo moja, kukufikia mwilini ni jambo lingine. Maabara iliyo sawa ina kabati za kuvuta hewa zinazokaguliwa, vitambuzi vya gesi vinavyolia, na hakuna mtu anayefanya kazi peke yake usiku na gesi hizo. Ukifika ukakuta kitambuzi kimezimwa "kwa sababu kinapiga kelele", hiyo ni sababu tosha ya kukataa kugusa riakta na kumfuata afisa usalama wa chuo siku hiyo hiyo.

Na ukipata mimba katikati ya PhD, inatokea na si mwisho wa dunia, sheria ya Ujerumani ya kulinda wazazi wanawake inamtaka mwajiri akague upya kazi yako mara tu anapojua, akuondoe kwenye kemikali hatari akupe kazi nyingine, uchambuzi wa data, kuandika, hesabu, bila kukukata mshahara. Kwa hiyo sema mapema, usisubiri tumbo lionekane, kwa sababu miezi ya kwanza ndiyo nyeti. Hapa ndipo mimi kwa maandishi sitoshi. Kama hedhi yako haieleweki, una pumu, una upungufu wa damu au unatumia dawa za muda mrefu, muone daktari wako wa wanawake hapo Dar kabla ya kusafiri, na ukifika omba miadi na daktari wa wafanyakazi wa chuo, kule yupo na ni haki yako, mpelekee orodha ya kemikali utakazotumia. Na ukiwa maabara ukapata kichwa kinauma ghafla na kizunguzungu, na mwenzako naye hivyo hivyo, tokeni nje kwanza ndio muite msaada, msikae kujadiliana.

Kuhusu kurudi nyumbani sitakupamba. Ajira yenye jina la katalisisi Tanzania ni chache sana, kiwanda cha methanoli hutakikuta, na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Kigamboni kimebaki kuhifadhi mafuta. Wengi wanaorudi wanaingia vyuoni, wengine mamlaka za viwango na maabara za serikali, wengine wanaishia Afrika Kusini ambako katalisisi ni biashara kweli, kwa sababu ya Sasol wanaotengeneza mafuta kutoka makaa ya mawe, platinamu iliyojaa ardhini kwao, na chuo cha Cape Town chenye kituo cha fani hii. Lakini usipime PhD kwa methanoli. Unachobeba ni kujua kwa nini kichocheo kinafanya kazi na kwa nini kinakufa, na hicho kipo hadi gereji. Yale masega ya kwenye ekzosi ambayo watu wanayang'oa na kuyauza ni platinamu, paladiamu na rodiamu iliyopakwa juu ya kauri. Mafuta ya kupikia yaliyogandishwa kwa haidrojeni yametoka kwenye nikeli. Gesi asilia ya Songo Songo ikitaka kuwa mbolea lazima ipite kwenye vichocheo hatua baada ya hatua. Na korosho yako bado ipo Mtwara, maganda mengi yanachomwa au kutupwa, na sioni mtu anayefaa kuyarudia kuliko anayeijua kadanoli na sasa anaijua na riakta.

Kabla ya kusaini ulizia mambo haya, na uliza bila aibu. Je ni mkataba wa ajira au ni skolashipu? Kule watafiti wengi wa PhD wanaajiriwa kwa nusu mpaka robo tatu ya mshahara japo kazi wanafanya ya mtu mzima, ila ajira inakuja na bima ya afya na ya kijamii, skolashipu mara nyingi bima unajitegemea, na ulinzi ule wa uzazi niliousema umeandikwa hasa kwa waajiriwa, kwa hiyo kama ni skolashipu waulize waziwazi. Je masters yako kitivo kimeshaitambua, au watakutaka ufanye mitihani ya ziada? Je riakta ya mgandamizo ni ya kundi lenu au mnaazima, maana ya kuazima inakula mwaka. Kisha omba kuongea na wanafunzi wake wawili bila yeye kuwepo kwenye simu, mmoja wa mwaka wa mwisho, muulize watu wanamaliza kwa miaka mingapi na kuna aliyeondoka katikati na kwa nini. Akianza kujiumauma, hapo umeshajibiwa. Ukishafika na mambo na msimamizi yakawa mabaya, vyuo vya kule vina mtu wa usuluhishi anayesikiliza kwa siri, mfuate mapema, usikae na donge mpaka mwaka wa tatu.

Mimi kwa nilichokisoma ningekwambia nenda, kwa sharti kwamba hao wanafunzi wawili wasikupe majibu ya kutisha. Miezi hii uliyobakiza jifunze kuchora data kwa Python badala ya kuhangaika na vitabu vya uinjinia, na rudia thermodinamiki ya mwaka wa pili, sura ya msawazo. Mkataba ukifika uniandikie kama ni ajira au skolashipu, tupige hesabu ya kodi ya chumba na bima kabla hujakata tiketi.